Saa za Chekechea ni za Nani?

England, mtoto wa miaka mitatu hapati saa 30 za chekechea kwa gharama ya serikali mpaka mamlaka ya kodi iridhike na wazazi wake. Maombi hufanywa mtandaoni. Mzazi anaulizwa kazi yake, namba yake ya bima ya taifa, na kama anatarajia kipato cha kutosha katika miezi mitatu ijayo. Akikubaliwa anapewa namba ya tarakimu 11 ya kupeleka chekechea, na kila miezi mitatu anarudi kuthibitisha kwamba bado anafanya kazi. Kumhusu mtoto, mengi yanaishia kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa.

Swali ni hili: saa hizo ni za mtoto, au ni za mzazi?

Kwanza utaratibu wenyewe. Kila mtoto wa miaka mitatu na minne ana haki ya saa 15 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, wazazi wake wawe nani. Mwaka 2017 ziliongezwa saa 15 nyingine kwa watoto ambao wazazi wao wanafanya kazi, na tangu Septemba 2025 wazazi hao hupata saa 30 kuanzia mtoto anapofikisha miezi tisa. Kila mzazi lazima apate walau kipato cha saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, na asizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Kikomo hicho cha juu hupimwa kwa mzazi mmoja mmoja. Kwa hiyo wazazi wawili wenye pauni 99,000 kila mmoja, mtoto wao anapata saa 30. Mama aliye peke yake na aliyepoteza kazi, mtoto wake wa miaka mitatu anabaki na 15.

Wapo watakaosema hapo hakuna dhuluma. Saa za ziada ziliwekwa ili mzazi aweze kwenda kazini. Asiyekwenda kazini ana haja nazo gani? Tena kodi inayozilipia inatoka mifukoni mwa wanaofanya kazi. Hoja hii si ngeni kwetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumelelewa na methali hiyo, na sioni sababu ya kuikana.

Lakini methali inampa jembe mgeni. Haimpi mtoto aliye mgongoni mwa mgeni, wala haisemi mtoto apimiwe chakula kwa idadi ya matuta aliyolima mama yake.

Kuna tatizo jingine, nalo ni neno lenyewe, kazi. Mwaka 2009 polisi wawili wanawake huko England walikuwa wakipokezana watoto: mmoja akiwa zamu, mwenzake anawalea wote. Wakaguzi wa Ofsted wakawaambia wanavunja sheria, kwa kuwa kumlelea mwenzio ili naye akulelee ni aina ya malipo, na anayelea watoto kwa malipo lazima asajiliwe. Baada ya kelele nyingi serikali ikaahidi kulegeza kanuni. Kisa kile kilifichua jambo: mwanamke akimlea mtoto wa jirani, sheria inaona kazi. Akimlea wa kwake, haioni kitu. Kuogesha ni kulekule, kulisha ni kulekule, na usingizi unaokatwa usiku ni uleule.

Mama anayesoma chuo kwa muda wote bila ajira naye hahesabiwi kuwa anafanya kazi, hata kama anasomea uuguzi na nchi inalia haina wauguzi.

Kisha yuko aliyepewa jembe tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi wengi wa nyumba za wazee England wametoka Afrika, wakiwemo Waswahili wetu wa Kenya na Tanzania, kwa viza inayomruhusu mtu kufanya kazi na kumkataza kugusa fedha za umma. Anakatwa kodi na bima kama mwenzake wa zamu. Ila kama ni mzazi pekee, au mwenzi wake naye ana viza ya namna hiyo, saa 30 hazimhusu. Hapo hoja ya jembe inajiangusha yenyewe, maana huyu analima.

Sisemi kila mstari unaochorwa na serikali ni uonevu. Aliyetimiza miaka mitatu tarehe 31 Machi anaanza saa zake Aprili, na aliyetimiza tarehe 1 Aprili anangoja mpaka Septemba. Siku moja inagharimu miezi mitano. Inauma, lakini kila mtoto atavuka mstari huo siku yake ikifika. Mstari wa kazi ya mzazi mtoto hawezi kuuvuka kwa kukua.

Tanzania, kwa sera ya elimu ya 2014, mwaka mmoja wa darasa la awali ni sehemu ya elimumsingi, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada. Anayeandikisha anatazama umri wa mtoto, hapimi mshahara wa baba. Darasa linaweza kujaa hadi watoto wakakaa chini, na hilo si la kujivunia. Lakini hakuna aliyeachwa mlangoni kwa sababu mama yake hana ajira.

Kwa hiyo nachagua hivi: fedha zikiwa zilezile, bora kila mtoto apate saa chache zaidi zilizo sawa kuliko wengine 30 na wengine 15. Najua nani ataumia. Ni mama anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, ambaye saa zikipungua ataacha kazi au ataacha kulala. Yeye adaiwe mwajiri wake na serikali, kwa zamu zinazopangika na mshahara unaotosha. Deni hilo ni la kweli na likalipwe. Ila lisilipwe kwa saa za mtoto wa mwenzake.