RAMADHANI 20: Ufunguo wa Pili



Gari la zamani lina tabu zake. Ulipoteza ufunguo, ukafungua kitasa cha mlango, ukampelekea fundi Bariadi akachonga mwingine. Corolla nyingi za miaka ya 90 funguo zake hazina chipu, ni chuma tupu. Baadaye gari ukaliuza, ukakabidhi kadi na ule wa kuchonga.

Leo unafagia uvunguni, ule wa mwanzo huu hapa!

Unaurudisha? Utasema: mimi si mwizi, na mwenyewe hajauulizia. Kweli. Lakini bado unawasha gari la mtu. Yeye kule Lamadi analala akijua hakuna mwingine wa kuliwasha. Umeshika usingizi wake.

Mwezi kama huu, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliingia Makka. Ufunguo wa Al-Kaaba alikuwa nao Uthman bin Talha, ambaye kabla ya Hijra aliwahi kumzuia Mtume kuingia. Siku hiyo nani angemhoji Mtume akiuchukua? Hata jamaa zake waliuomba. Akamrudishia Uthman. Wafasiri wengi huitaja habari hii kwenye Suratun Nisaa, aya ya 58, aya ya amana. Ukoo ule, Banu Shayba, unaushika mpaka leo.

Wala usiutupe chooni ukadhani umemaliza. Kesho atapoteza wake, alipe fundi tena, na wake ulikuwepo.

Namba yake unayo. Mpigie kabla ya futari.