Mtoto Akiumia Nyumbani kwa Wazazi

Mtu mzima aliyekwisha kuhama na kuoa, akirudi kwa wazazi wake Desemba, hajioni mgeni. Hapigi hodi, huingia moja kwa moja jikoni akafunua sufuria. Lakini mbele ya sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa wenye makazi, Sura ya 34, yeye ni mgeni kama wageni wengine, na mzazi mwenye boma anapaswa kuchukua tahadhari ya kutosha asidhurike humo. Sheria hiyo imefuata ile ya Uingereza ya 1957, wala haiulizi nani alimzaa nani.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu mwana wa jirani yetu kijijani avunjike mguu chooni kwa mama yake. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza. Mama alijua, akatandika kipande cha bati na kuonya kila aliyekuja: "Kanyageni upande wa kushoto." Usiku, bila taa, kushoto ni wapi? Sheria inasema onyo halitoshi ikiwa halimwezeshi mgeni kuwa salama, na boma lile lina choo kimoja tu. Ni kweli, mahakama ingeuliza pia kama kijana alijichunga, na ikiona alizembea, fidia ingepunguzwa kwa kiasi hicho.

Sheria inampa miaka 3 ya kufungua kesi. Hatafungua, maana kwetu kumpeleka mama kortini ni kujitakia laana. Naiheshimu aibu hiyo. Kinachoniuma ni kwamba imefunika kila kitu: bili ya hospitali ilimwangukia mkewe, akakopa kwenye chama, ndugu wakanyamaza, bati liko palepale. Kutoshtaki hakufuti deni. Mama hana kitu, sawa, lakini ukoo upo, na matanga tunayachangia bila kusukumwa. Mbona tusimchangie aliye hai?

Wenye bima ya nyumba nao waisome vizuri. Mara nyingi haimlipi jamaa anayeishi na mwenye bima, basi uliza waziwazi kama mtoto aliyehama anakingwa.

Nanyi mnaotuma pesa za mbuzi wa Krismasi, mwaka huu tangulizeni za fundi: sakafu ya choo, ngazi, kifuniko cha kisima. Msingoje mama awaombe. Hataomba.