Nani Alipe Bei ya Kujifunza?

Kila fundi alikuwa siku moja mtu asiyejua. Aristoteles, mwalimu wa Wagiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristu, alifundisha kwamba ufundi hupatikana kwa kutenda: mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Neno hilo ni la kweli, lakini ndani yake mna shida. Ikiwa sharti tutende ili tupate kujua, basi kazi yetu ya kwanza twaifanya tungali hatujui. Na kazi ya asiyejua huharibika upesi. Kitu kikiharibika, yuko mtu apataye hasara. Ni nani huyo? Hilo ndilo swali letu: bei ya kujifunza, nani ailipe?

Tusiende mbali kutafuta mfano. Tutwae kazi ndogo ya nyumbani, yaani kutengeneza pombe ya asali na matunda. Wengi wetu twajua kasiksi ya ndizi huko Kivu, na munkoyo huko Katanga. Watu wa Tabora wana wanzuki, Waethiopia wana teji, na Wakikuyu hutia matunda ya mti wa muratina katika maji ya asali. Lakini mtu aweza kunywa vinywaji vya namna hiyo miaka mingi, asijue kutengeneza hata kimoja.

Tuseme basi kuna baba mmoja katika nchi ya miombo. Amerina mizinga yake, akapata ndoo moja ya lita 20. Asali ni nzito: lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndooni mna karibu kilo 28. Akiipeleka sokoni atapata fedha za masomo ya watoto, na chumvi, na sabuni. Lakini amesikia kwamba pombe ya asali huleta faida kubwa zaidi, naye ataka kuanza. Je, aimimine ndoo yote katika pipa?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Asali nzuri haichachi, kwa sababu maji yake ni machache, chini ya sehemu 18 hivi katika 100. Ukiitia maji, hamira hupata nafasi. Hamira ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Louis Pasteur wa Ufaransa, katika miaka ya 1857 hadi 1860, alionyesha kwamba kuchacha kwa pombe ni kazi ya viumbe hai. Hamira hula sukari, nayo hutoa alkoli na hewa. Katika asali, mbali na sukari, chakula chake ni haba. Ndiyo sababu moja ya kuongeza matunda.

Anayeanza atwae kilo 1 ya asali, nusu kilo ya nanasi lililomenywa, na maji yaliyochemshwa yakapoa, hata vyote vifike lita 4 katika chombo safi cha lita 5. Atie hamira kidogo. Asijaze mpaka shingoni, kwa maana povu hupanda. Kizibo kipitishwe mpira mwembamba, na ncha yake ya nje izame katika kikombe cha maji, ili hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie. Akiacha wazi siku nyingi, vijidudu vipendavyo hewa vitageuza pombe kuwa siki. Akiziba kabisa kabla kuchacha hakujaisha, hewa itakosa njia, na chupa yaweza kupasuka na kuumiza watu. Kuchacha huchukua wiki kadhaa. Kutulia na kupata ladha nzuri huchukua miezi.

Twaona basi kwamba njia za kuharibu ni nyingi: uchafu, hewa na haraka. Mikono ya mara ya kwanza haijazijua. Hasara si hakika, lakini yafaa itazamiwe.

Sasa tutofautishe. Kilo 1 katika 28 ikiharibika, baba huyu amepoteza asali yake na jasho lake, lakini watoto wake wataketi darasani kama kawaida. Pipa zima likiharibika, anayelipa ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa fedha za masomo. Mtoto huyo hakutaka kujifunza kutengeneza pombe, wala hakuulizwa. Hapo ndipo penye dhuluma. Twasema basi: bei ya kujifunza ailipe yule ajifunzaye, asimtwike mtu asiyekubali.

Mwingine atatujibu: « Mwoga hapati kitu. Wakubwa wote walithubutu. » Ni kweli, lakini ushujaa ni kuhatarisha kilicho chako. Kuhatarisha chakula cha mwenzako bila kumwuliza si ushujaa hata kidogo. Tena lita 4 huchacha kwa sheria ile ile ya lita 200. Aliyepoteza kilo 1 mara tatu amejifunza mara tatu, na bado ana kilo 25. Aliyepoteza pipa amejifunza mara moja, na hana cha kujaribia tena.

Lakini liko pingamizi lililo gumu zaidi. Je, si kila mwanafunzi hubebwa na wengine? Mama hula bukari ya kwanza ya binti yake, ijapokuwa ina madonge. Wanafunzi wa kwanza wa mwalimu mpya huvumilia mafundisho yake yasiyo na mpango. Kama kila mtu angelipa peke yake, nani angejifunza jambo lolote? Twakubali. Lakini mama ajua anachokula, naye akila kwa upendo; na mwalimu mpya huwa na mkubwa wake wa kumwongoza. Mzigo ukichukuliwa na mtu anayejua na kukubali, ni msaada. Akitwikwa kwa siri, ni wizi.

Kwa hiyo hata pombe hiyo ikitokea vizuri, wajibu haujaisha. Kikombe cha kwanza ni cha mtengenezaji. Mgeni aambiwe wazi kwamba ni kazi ya mtu anayejifunza, na kwamba ni kali: yaweza kufika sehemu 10 hadi 12 za alkoli katika 100, hali bia ya kawaida ina 5 hivi. Utamu wa asali na nanasi huficha ukali huo. Kuiuza sokoni bila kusema neno ni kumlipisha jirani bei ya masomo yetu.

Nao wenye ujuzi wana sehemu yao. Mzee ajuaye kazi hii, akimwona kijana anahangaika, naye akanyamaza ili asipate mshindani, anaipandisha bei ya kujifunza kwa makusudi. Neno lake moja juu ya ule mpira na kikombe cha maji lingeokoa asali ya mavuno mazima.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuanza kazi usiyoijua, iwe ya pombe, ya biashara au ya shamba jipya, jiulize: ikiharibika, nani atalala njaa? Ukiona ni mwingine asiye na habari, punguza kipimo, au nenda kwanza ukazungumze naye.