Mwiba wa Risasi na Dhamiri ya Mpimaji

Elimu ya madhara ni elimu yenye mashaka. Mtu anayejifunza jinsi sumu inavyoua aweza kuwa tabibu, na aweza kuwa mwuaji. Wako wasemao kwamba ni haramu kuchunguza kwa utulivu jinsi jeraha linavyofanyika. Na wako wasemao kwamba elimu haina dhambi, dhambi ni ya mkono. Kauli zote mbili zina upungufu, na upungufu wake waonekana vema katika jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi tu: kupima mwendo wa risasi nyembamba ndani ya jelatini.

Karagwe, nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa tangu mwaka 2012, ilikijua chuma kabla ya kuijua risasi. Katika hazina ya wafalme wake kule Bweranyange palikuwa na mikuki, fuawe na sanamu za ng'ombe za chuma, vitu vya heshima ya enzi wala si vya kumwaga damu. Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke, akiwa mgeni wa Mfalme Rumanyika, aliwapiga faru risasi akamletea mfalme vichwa vyao. Naye mfalme akastaajabia nguvu ile. Mwaka 1862 mgeni huyo huyo alikuwa amekwisha fika Buganda, na huko Kabaka Mutesa alipopewa bunduki alimwamuru mtumishi wake kijana aende nje akaijaribu kwa kumpiga mtu. Kijana akarudi na furaha. Bunduki ilikuwa njema. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani.

Hilo lilikuwa jaribio la silaha, na mwili wa mtu ndio uliokuwa kipimo. Wala kosa la namna hii si la Buganda peke yake. Mwaka 1904 maofisa wa jeshi la Marekani walipima risasi za bastola kwa kuwapiga ng'ombe walio hai na maiti za watu. Walakini njia nyingine ilikuwa imekwisha anza kutafutwa. Theodor Kocher, tabibu mpasuaji wa Bern katika Uswisi, alikuwa amepiga risasi katika maji, sabuni na jelatini, ili afahamu majeraha aliyotakiwa kuyatibu. Katika miaka ya 1980 daktari mwingine wa upasuaji, Martin Fackler wa jeshi la Marekani, aliiweka kazi hiyo katika kanuni: sehemu 10 za jelatini katika kila sehemu 100 za mchanganyiko, baridi ya nyuzi 4, na matokeo yakalinganishwa na nyama ya nguruwe.

Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ikiganda huonyesha njia yote ya risasi, na huonyesha jambo ambalo jicho halikulidhania. Risasi ya bunduki ya AK, yenye upana wa milimita 7.62, aghalabu husafiri kiasi cha sentimita 25 ikiwa imeelekeza ncha mbele, kabla ya kupinduka. Risasi ya M16, yenye upana wa milimita 5.56 na uzito usiofika gramu 4, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita zaidi ya 900 kwa sekunde. Baada ya sentimita kama 12 hugeuka ubavu, na ikiwa bado ina kasi huvunjika, vipande vikatawanyika na kuchana kila upande. Basi tundu la kuingilia ni dogo, na uharibifu ulio ndani ni mkubwa. Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapa ndipo swali la maadili lilipo. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yalikataza risasi zinazotanuka au kubapa mwilini. Nia ilikuwa kumpunguzia majeruhi mateso yasiyo na faida. Lakini tamko lile liliwafunga waliolikubali tu, wakipigana wao kwa wao. Na katika mkutano ule mjumbe wa Uingereza, Jenerali John Ardagh, alitetea risasi hizo kwa hoja kwamba watu aliowaita washenzi hawasimamishwi na risasi ya kawaida. Karagwe wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Mtu wake hakuhesabiwa katika huruma ile. Baadaye ikaja risasi nyembamba isiyotanuka, bali inayopinduka na kuvunjika. Maneno ya tamko hayakuvunjwa. Nia yake ilivunjika pamoja na risasi. Mwezi Septemba 1979, miezi michache baada ya vita vya Kagera kwisha, mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva uliyasihi mataifa yawe na hadhari kuu katika kuunda silaha za risasi nyembamba. Ulikuwa wito, haukuwa sheria.

Jelatini, basi, ni shahidi mwaminifu. Ndiyo iliyofichua kwamba yawezekana kutii maneno na kuasi nia. Asemaye kwamba uchunguzi huo ni haramu angeunyamazisha ushahidi huo, na angemnyima tabibu nuru ya kumfaa majeruhi. Lakini shahidi huyu hajui yote. Hana mfupa, hana damu, hana maumivu. Hana shamba la migomba linalomngoja Kyerwa, wala mtoto aulizaye baba yu wapi. Ameumbwa kusimama mahali pa mtu kwa kuondolewa yale yote yamfanyayo mtu kuwa mtu.

Kwa hiyo asemaye kwamba elimu haina dhambi naye amekosea, kwa maana elimu hii huanza kwa kumwondoa mtu, na kumwondoa kwaweza kuwa mazoea. Apimaye kina cha tundu asiulize ni kiasi gani tu. Na aulize, ni nani? Anayeuliza hivyo aipima risasi ili jeraha lipungue au lipone. Asiyeuliza, hata chumba chake kiwe safi namna gani, hana tofauti na kijana yule aliyerudi akifurahi kwamba bunduki ni njema.