Je, Ni Dhambi Kuficha Kasoro Ambayo Mnunuzi Hataiona?



Katika darasa letu la Kapolowe yumo kijana mmoja, fundi wa redio na simu, anayejiandaa kupokea Ubatizo. Siku tulipojifunza Amri ya saba ya Mungu alibaki nyuma, wenzake walipokwisha kutoka, akanionyesha katika simu yake picha ya waya mpana, bapa kama utepe. Kisha akaniuliza swali. Amenipa ruhusa kulisimulia, bila kutaja jina lake. Lakini kwanza yafaa tuujue waya ule.

Mwaka 1970 kampuni ya Digital Equipment Corporation, ya mji wa Maynard huko Marekani, ilianza kuuza kompyuta iitwayo PDP-11. Watu waliihesabu kuwa kompyuta ndogo, ingawa pamoja na vyombo vyake iliweza kujaza kabati zima, kwani nyingine za zamani hizo zilijaza chumba. Mwenye mashini akitaka kuiongezea sehemu katika sanduku la pili, alihitaji waya wa kuyaunganisha masanduku mawili, nao ulikuwa na njia 120 zilizolala bega kwa bega. Kampuni ile haipo tena. Ilinunuliwa na nyingine mwaka 1998. Hata hivyo wapo watu wanaozitunza mashini hizo hadi leo, wengine katika majumba ya makumbusho, wengine nyumbani mwao. Waya wa zamani ukiharibika, huketi mezani wakatengeneza mwingine, njia kwa njia, kila ncha mahali pake.

Sasa angalieni. Katika njia zile 120, zinazochukua habari ni 56 tu. Zile 64 nyingine hazichukui habari yoyote. Zimefungwa kwenye ardhi ya mashini, nazo zimepangwa katikati ya zile zinazosema, kwa zamu. Sababu yake ni hii: umeme ukibadilika upesi katika waya mmoja, huamsha umeme kidogo katika waya wa jirani. Sisi walimu twalijua jambo hilo. Waketishe watoto wawili katika benchi moja, kila mmoja asome kwa sauti ukurasa wake, na punde mmoja atataja neno la mwenzake. Waya wa ardhi ni kama mtoto mnyamavu uliyemketisha kati yao.

Fundi akiziacha nyingi za njia zilizo kimya, ataokoa shaba na saa nyingi za kazi. Mashini huweza kuwaka mbele ya mnunuzi, ikahesabu sawasawa, fundi akalipwa. Baada ya mwezi itakosea mara moja, halafu siku kumi isikosee, na mwenyewe hatajua kosa latoka wapi.

Ndipo kijana aliponiuliza: «Mwalimu, kama mashini iliwaka na mnunuzi akaenda zake kwa furaha, wizi uko wapi?»

Nilidhani anapenda mabishano tu. Sivyo. Kijana huyu hutengeneza nyaya za kurefusha umeme, za kuutoa ukutani hadi uani au kibandani. Waya wa namna hiyo una nyaya tatu ndani: mbili ni za kuleta umeme na kuurudisha, ya tatu ni ya ardhi. Ndani ya nyaya zake yeye zilikuwamo mbili tu. Lakini kile chuma cha tatu kinachotokeza mahali pa kuchomekea alikiacha kiking'aa, hakikufungwa na kitu chochote.

Alijitetea, na utetezi wake si wa kijinga. Alisema nyumba nyingi hazina waya wa ardhi ukutani; basi huo wa tatu ungefanya kazi gani? Tena shaba yatoka kwetu Katanga, huenda ng'ambo, hurudi ikiwa nyaya za bei ghali. Mimi nami najua jinsi fundi maskini anavyojaribiwa kuipunguza. Nikamjibu kwamba hakuna sheria ya Mungu inayomlazimisha kuuza nyaya tatu. Aweza kuuza mbili, mradi aseme ni mbili, atoze bei ya mbili, na chuma kile akiondoe. Kwa maana chuma kile kilimwambia mnunuzi uongo, ingawa kinywa cha fundi kilinyamaza.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alilipima shauri hili katika kitabu chake kikubwa cha theolojia. Afundisha kwamba kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, muuzaji aweza asiitaje, akiipunguza bei kwa haki. Bali kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aitaje. Asipoitaja, amemdanganya mwenzake, naye ana deni la kulipa hasara iliyotokea.

Hasara au hatari. Nilimwuliza ni nani walionunua, akahesabu kwa vidole: tisa. Mmoja ni mama anayeuza samaki wa ziwa letu la Tshangalele. Yeye akaa katika nyumba ya zamani ya matofali, na waya wa ardhi upo ukutani. Waya wa kijana wapeleka umeme kwenye friji yake. Waya ukichubuka ndani ya friji, bati lake lote huweza kushika umeme. Kama waya wa ardhi upo, umeme hushuka ardhini na fyuzi hukatika. Kama haupo, hungoja mkono. Na mikono ya mama yule ina maji tangu asubuhi hadi jioni.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza neno ambalo labda wengi wenu mngeliuliza: «Je, Ubatizo hautanifutia yote?»

Ubatizo hufuta dhambi zote, ya asili na zile tulizozitenda, pamoja na adhabu zake. Deni kwa jirani haliondoi. Maji ya Ubatizo hayatafunga waya wa tatu kwenye friji ya mama yule. Zakayo alimpokea Yezu nyumbani mwake kwa furaha, na hapohapo akataja mali atakayorudisha.

Kesho yake kijana alianza kwa mama wa samaki. Alikaripiwa mbele ya wateja, akastahimili, akafunga waya mpya alioununua kwa fedha alizoziweka kwa sikukuu ya Ubatizo wake. Hadi leo amerekebisha sita. Wawili wamehamia Likasi, naye anajua mtaa wao. Wa tisa alikuwa msafiri aliyenunua siku ya soko, hajulikani.

Aliniuliza kama bei aliyomzidishia huyo aitie katika sanduku la maskini. Nikamjibu kwamba fedha aweza kuzitoa hivyo, akiisha kumtafuta kweli. Lakini hatari haiwekwi sandukuni; siku ya soko asimame palepale alipouzia, amngoje. Jumamosi iliyopita alisimama tangu asubuhi. Msafiri hajaonekana bado.