Elimu ya Furu na Warithi Wake

Je, elimu ni amana au ni milki? Swali hili hunijia kila nisimamapo ufuoni Butimba nikiitazama ghuba ya Mwanza, ambayo tangu mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, wakisaidiwa na wavuvi wa hapa hapa, waliivua na kuipima, wakaandika jinsi furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walivyotoweka, jamii baada ya jamii, sangara alipotamalaki.

Makala yao mashuhuri ya mwaka 1992 yalitoka katika jarida lililokuwa la shirika la uchapishaji la Kluwer. Mwaka 2004 Kluwer ikaunganishwa na Springer, na mwaka 2015 ikazaliwa Springer Nature, hata habari za samaki wetu zikarithiwa mara mbili na watu wasioandika hata herufi moja (wala mwandishi, kama ilivyo ada ya majarida hayo, halipwi).

Sikatai kwamba wino na karatasi vina ujira wa halali. Lakini mwaka 2013 mashirika matano ya uchapishaji yalishika zaidi ya nusu ya makala ya sayansi duniani. Na anayetaka makala yake yasomwe bure katika jarida la Nature alitangaziwa, kuanzia 2021, ada ya euro 9,500. Mpango wa HINARI, ulioanza 2002 ili taasisi za nchi maskini zisome majarida bure au kwa bei nafuu, hutufungulia mlango. Ni hisani, na mwenye hisani aweza kuufunga. Mimi nasema kuisoma elimu hiyo ni haki yetu, si sadaka.

Baadhi ya furu hao hawaonekani tena ghubani, wamebaki makalani.