Kifaransa cha Kulipiwa Nyumbani

Katika karne ya 19, matajiri wa Urusi waliajiri walimu wa kike wa Kifaransa, wakaishi nao nyumbani na kuwalea watoto katika lugha hiyo. Lugha hiyo ndiyo iliyomtenga mtoto wa bwana na mtoto wa mkulima. Huku Katanga, enzi za ukoloni, ukuta kama huo ulijengwa na kampuni pamoja na misheni. Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, watoto wa wafanyakazi walifundishwa kwa Kiswahili kusoma, kuhesabu na kazi za mikono. Kifaransa kilitengwa kwa ajili ya wachache waliotakiwa kuwa makarani. Mwaka 1954 ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kuwafungulia Waafrika shule zake zisizo za misheni.

Kwa hiyo mzazi wa leo anayemlipa mwalimu wa Kifaransa aje jioni, akae na mtoto juu ya daftari la imla, simlaumu hata kidogo. Atasema kufundisha kwa Kiswahili ni kumrudisha mtoto kambini. Hapo nakataa. Ubaya wa kambi ulikuwa kuyakata masomo mapema. Kuyaanza kwa lugha ya nyumbani hakukumdhuru mtu. Mtoto aliyeelewa kugawanya kwa Kiswahili hukipokea Kifaransa akiwa tayari na jambo la kusema. Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inazipa lugha za taifa nafasi katika madarasa ya mwanzo. Lakini Kifaransa kizuri kikiendelea kununuliwa nyumbani, mtoto wa mchimbaji wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, atakipata wapi, kama si katika shule ya umma yenye mwalimu anayelipwa kwa wakati?